Gari Lililopona

Metui aliingia uani kwa Clemensi siku ya Jumatano saa nne asubuhi, rubega begani, fimbo mkononi, viatu vyake vya matairi vimekuwa vyekundu kwa vumbi la Karatu. Landrova lilikuwa limeegeshwa palepale langoni, limeoshwa linameremeta, lakini hata jicho hakulitupia. Alikuwa anamtafuta mtu. Alimkuta Inosenti kalala chali chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana, akaigusa soli ya kiatu kwa ncha ya fimbo.

"Paashe," akaita.

"Paashe," miguu ikajibu.

Hawa wawili hawakuitana majina. Wamasai wana desturi yao: ukimpa mtu mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, basi majina yenu yanawekwa kando, na kila mmoja anamwita mwenzake Paashe mpaka siku ya kuzikwa. Metui alimpa Inosenti mtamba mwaka wa sabini na sita, baada ya Inosenti kumpelekea magunia mawili ya mahindi, kipindi kile Wamasai wa Ngorongoro walipokatazwa kulima na njaa ikawabana. Tangu hapo Inosenti, fundi wa magari, Mwiraqw wa Qurus, Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mchanga, akawa Paashe wa mtu wa Endulen. Wenzake mjini walimcheka wiki moja, kisha wakazoea. Mtamba naye alikua, akazaa, na watoto wa Inosenti wakanywa maziwa yake mwaka hadi mwaka.

Metui alichuchumaa kando ya trekta akaeleza kilichomleta. Wazee wa boma lao walikuwa wameuza maksai kumi na mmoja mnadani. Walitaka gari la kuwaletea mahindi kutoka Karatu na kuwabeba wagonjwa, maana mwezi uliopita mwanamke alikuwa amejifungulia porini huku amebebwa kwenye ngozi. Walisikia Clemensi anauza Landrova. Wakaulizana nani ataliangalia kabla hawajatoa pesa, nani ataijua habari yake ya nyuma.

"Nikawaambia nina mtu," Metui alisema. "Mimi gari sijui, Paashe. Macho yangu ni wewe."

Inosenti alibaki chini ya trekta muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alisema haya, njoo Ijumaa, tutaliangalia. Sauti yake ilitoka sawasawa, lakini mkono wake ulikuwa umeshika spana ambayo haikuingia nati yoyote iliyokuwa mbele yake.

Maana habari ya nyuma ya Landrova lile walikuwa wanaijua watu watatu tu Karatu nzima, na yeye alikuwa mmojawapo. Miaka miwili kabla, Clemensi alilipakia mahindi kupita kiasi kutoka Kansay, likatumbukia kwenye korongo, chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikakatika nyuma ya kiti cha dereva. Walilivuta hadi uani likiwa limefunikwa turubai. Inosenti aliazima mashine ya kuchomelea, akakata bamba kwenye sahani ya plau bovu, akaunga, akapaka oili chafu ili kiungo kifanane na chuma kingine. Kazi ilikuwa safi. Lakini alimwambia Clemensi siku ileile kwamba gari hilo sasa ni la kwendea kanisani na sokoni, lisipakiwe mzigo na lisipandishwe mlima. Clemensi alitii neno kwa neno. Na sasa alikuwa anawauzia watu ambao hawakuwa na kazi nalo nyingine ila mzigo na mlima.

Kwa nini Inosenti hakusema palepale? Msimlaumu upesi. Clemensi alikuwa kaka wa mkewe. Ua ule ulikuwa wa Clemensi, na vile vyumba viwili vya nyuma alikoishi Inosenti na Marsela na watoto wanne vilikuwa vya Clemensi vilevile. Hajawahi kuwadai kodi. Wala hajawahi kuwaacha wasahau kwamba hawadaiwi.

*

Jioni Clemensi alimwita sebuleni. Kabla ya kumkaribisha alitandika gazeti juu ya kochi, akalilainisha kwa kiganja, kisha ndipo akasema keti, shemeji. Inosenti alikuwa ameoga na kubadilisha nguo. Alikaa juu ya gazeti, nalo likawa linalia chini yake kila alipojisogeza.

Clemensi hakutisha wala hakupaza sauti. Aliuliza hali ya watoto, akauliza kama bati la jikoni bado linavuja. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Yule rafiki yako akikuuliza injini, mwambie injini. Akikuuliza breki, mwambie breki. Injini ni nzima, si nzima?"

"Nzima," alisema Inosenti.

"Breki?"

"Nzima."

"Sasa uongo uko wapi?"

Wakati wa kutoka alimtilia mkononi mche mzima wa sabuni, umefungwa kwenye karatasi. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, sabuni ilikuwa haionekani madukani, watu wanafulia majivu na wengine majani. Inosenti angeweza kuukataa. Aliupokea kwa mikono miwili, na hata asante akasema, na asante hiyo ilimuuma njia nzima ya hatua arobaini hadi mlangoni kwake.

Marsela alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliona sabuni, akajua. Ndiye mtu wa tatu, kwani yeye ndiye aliyemshikia mumewe taa siku ile akichomelea. Aliendelea kuchambua mpaka yakaisha mawe, kisha akaanza kuchambua yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Kaka hakusema atatutoa," alisema.

"Hakusema."

"Lakini unamjua."

"Namjua."

Marsela aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke asiyependa kuomba, hata chumvi kwa jirani ilimshinda, heri apike bila chumvi kuliko kupiga hodi. "Basi nakuomba, baba Yohani," alisema. "Mara hii moja tu. Watoto hawa nitawalaza wapi?"

Inosenti alitoka akaenda kumtazama yule ng'ombe wa Metui, akamkwangua kupe masikioni, na ng'ombe akamlegezea shingo kama kawaida yake.

*

Ijumaa Metui alikuja na Sakaya, mtu mzima mwenye watoto, aliyewahi kuendesha gari la hoteli moja kule juu kwenye kreta ya Ngorongoro na ambaye ndiye angekuwa dereva. Sakaya aliwasha injini akasikiliza, akaridhika. Lakini Metui alikuwa na namna yake ya kuchunguza, na haikuwa ya magari.

Aliuliza kama mtu anayenunua ng'ombe. Alitaka kujua hii gari imezaliwa wapi. Uingereza, Inosenti akajibu. Imepita mikono mingapi? Mitatu: misheni, kisha hoteli, kisha Clemensi. Inakula sana? Inakula, hasa ikipanda. Ina tabia gani mbaya? Asubuhi ya baridi inagoma kuwaka, mpaka uisukume. Na kwa nini mwenyewe anaitoa? Kwa sababu amepata lori la Isuzu. Kila jibu lilikuwa kweli tupu, na Inosenti alijikuta anaongeza mengine ambayo hakuulizwa, kwamba taa ya kushoto inazimika, kwamba mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba, akiyatoa makosa madogo kwa mikono miwili ili lile kubwa lisionekane. Clemensi alisimama pembeni anatikisa kichwa kukubali. Viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi.

Basi Metui akakunja rubega, akalala chini vumbini, akajisukuma mpaka tumboni mwa gari. Hakuna mnunuzi aliyewahi kufanya hivyo pale uani. Inosenti ilibidi amfuate. Wakawa wamelala bega kwa bega, nyuso zinatazama juu, na Metui akaupitisha mkono wake polepole kwenye chesisi kuanzia nyuma kuja mbele, vile mtu anavyompapasa ng'ombe uti wa mgongo. Macho yake alikuwa ameyafumba. Mkono ukafika nyuma ya kiti cha dereva, ukasimama.

"Hapa," alisema.

Inosenti aliutazama mkono wa Paashe juu ya kiungo.

"Hapa ilivunjika."

"Ilivunjika," alisema Inosenti. Hakuwa na njia.

"Nani aliunga?"

"Mimi."

Metui alifungua macho akamgeukia, na uso wake ulikuwa umefurahi kabisa. Kwa hiyo ni mkono wa Paashe. Akauliza sasa, taratibu, swali ambalo mfugaji huuliza: "Imepona?"

Jamani, chuma hakiponi. Kila fundi anajua hivyo, hata yule wa baiskeli. Chuma kilichokatika hukumbuka pale pale kilipokatikia, na ukikitwisha mzigo kitarudi kukatika, kama si kwenye kiungo basi kidole kimoja pembeni yake. Lakini Metui maisha yake yote alikuwa amefunga miguu ya ndama kwa magome na kamba, akaona mfupa unaunga, unakuwa mgumu kuliko mwanzo, ndama anakua anakuwa ng'ombe wa kuzaa mara nane. Kwake kilichovunjika kikaungwa vizuri hakikuwa na ila. Ilikuwa sifa kabisa. Alikuwa amekosea kwa neno moja tu, na mtu wa kumsahihisha alikuwa amelala ubavuni pake, pua zao karibu zigusane.

Kutoka pale chini Inosenti aliviona viatu vya Clemensi. Viliinuka visigino kidogo, vikatulia.

"Imepona," alisema.

Pesa zilihesabiwa, kadi ya gari ikabadilishwa mikono, Metui akabonyeza dole gumba. Kisha akafanya jambo ambalo Inosenti hakulitegemea. Akalitemea gari mate kidogo kwenye boneti, mate ya baraka, halafu akamgeukia yeye, akamshika viganja vyote viwili vyenye oili na kuvitemea vilevile, akisema maneno ya Kimasai polepole. Alikuwa anaibariki mikono iliyoliponya gari.

Gari lilipoondoka Marsela alileta maji kwenye beseni na kipande cha ile sabuni. Inosenti alikitazama kipande hicho muda mrefu. Alikula chakula cha mchana bila kunawa, kwa kijiko, na watoto wakamcheka.

*

Wiki ya kwanza haikuja habari. Ya pili wala. Inosenti alianza kujiambia kwamba labda kiungo kitavumilia, bamba lile la plau lilikuwa chuma cha nguvu, mbona mengine hudumu. Alijiambia hivyo kwa bidii, hasa mvua iliponyesha.

Wiki ya nne alikuja Nareyu, mke wa Metui, ameombewa lifti kwenye lori la mkaa. Alikuja kutafuta mahindi. Alikaa mlangoni na Marsela, akamtolea kibuyu cha maziwa mgando kutoka kwa mumewe, kwa ajili ya watoto wa Paashe, kama ilivyokuwa kawaida yao kila mwaka. Kisha akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na Inosenti akasikia yote akiwa nyuma ya pazia na shati nusu limevaliwa.

Safari ya tatu, magunia tisa na watu watano. Walipokwisha pita ukingo wa kreta, wakateremka kuelekea Malanja, gari lilitoa mlio mmoja, likakunjika katikati, likalala. Aliyeumia sana ni Metui, mguu wa kulia, mfupa ulitoka nje. Wengine walichubuka. Mahindi yalimwagika kwenye majani, wanawake wakayaokota siku mbili, punje kwa punje, wakigombea na ndege.

Marsela aliuliza kwa sauti ndogo wazee wamesemaje.

Nareyu alisema wazee wengi walitaka kulilaumu gari. Waliona pale lilipokatika. Lakini mume wake, akiwa kitandani hospitali, aliwatumia neno kwamba gari halina kosa, liliangaliwa na Paashe, na Paashe alisema limepona. Sasa kama gari halina kosa, kosa ni la nani? La dereva. Basi Sakaya ametozwa ng'ombe watano. Anao saba. Atawatoa mwezi ukiandama. Mkewe amerudi kwa baba yake kwa aibu, maana watu wanasema alikuwa amelewa, na Sakaya hanywi.

"Sisi tunalia tu," alisema Nareyu. "Lakini neno la Paashe likishasemwa, nani atabisha?"

Alipoondoka, kibuyu kilibaki katikati ya meza. Mtoto mdogo alinyoosha kikombe, Marsela akamzuia mkono, halafu akamwachia, akammiminia. Inosenti aliona haya kuangaliwa na mkewe, na Marsela naye alikuwa anaangalia sakafu, kila mmoja ana lake.

"Nitampeleka ng'ombe," hatimaye Inosenti alisema.

Kwa Wairaqw ndivyo mtu anavyojisafisha. Ng'ombe wao huzunguka: unaazimwa jike, unakamua, unalea, na siku ukiona humstahili tena, unamrudisha kwa mwenyewe akiwa mnene, na watu wote wanasema huyu ni mtu mwaminifu. Kwa Wamasai kumrudisha mtamba kuna maana gani, hakuuliza. Ng'ombe yule ndiye alikuwa mali yake kubwa kuliko zote. Inosenti aliona kwamba akienda mikono mitupu na maneno tu, atakuwa amekwenda kuomba asamehewe bure. Alitaka iuume mfuko wake pia.

Marsela alisuka kamba mpya yeye mwenyewe. Alimfunga ng'ombe shingoni, akasimama akimshika pembe. "Mwambie ni mimi niliyekuomba," alisema.

Inosenti alisema atamwambia. Alijua hatamwambia.

Clemensi aliposikia, alikuja akasimama mlangoni bila kuingia. Akasema akienda huko kusema hayo, akirudi atakuta vyombo vyake nje. Inosenti akamjibu kwamba vyombo amekwisha vifunga, Marsela na watoto wanahamia kwa baba mzazi wa Inosenti kule Qurus. Ni kweli vilikuwa vimefungwa. Vilikuwa vichache mno hata Clemensi mwenyewe aliona aibu kuvitazama. Kutoka juu ya furushi la vyombo Marsela aliuchukua ule mche wa sabuni, ukiwa umepungua kipande kimoja tu, akampa kaka yake.

*

Inosenti alitembea siku tatu. Kwenye geti la hifadhi walimsumbua nusu siku kwa ajili ya ng'ombe, msituni alikwenda akiimba kwa kuogopa nyati, na kila alipopumzika ng'ombe alilala karibu naye akicheua. Siku ya tatu mchana aliingia boma la Metui, miguu imevimba.

Metui alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mguu umenyooshwa, gongo pembeni. Wazee walikuwepo kama sita. Sakaya alikuwepo pia, amekaa mbali kidogo na wenzake, kama mtu asiyejua kama bado anaruhusiwa kukaa. Metui alipomwona mgeni alicheka kwa furaha. "Paashe," alisema, akijaribu kuinuka. "Umesikia mguu wangu, umekuja."

Inosenti alimwomba asiinuke. Na yeye mwenyewe hakukaa, ijapokuwa kigoda kililetwa na maziwa yakaletwa. Alisema mbele ya wote, Nareyu akimtafsiria kwa wasiojua Kiswahili. Alisema mfupa hupona lakini chuma hakiponi. Kwamba yeye alijua hivyo, Clemensi alijua hivyo, na aliulizwa waziwazi akalala pale chini ya gari akadanganya kwa sababu aliogopa kufukuzwa kwenye nyumba. Kwamba Sakaya hana kosa hata punje. Hakumtaja Marsela.

Mzee mmoja aliinuka akaenda akamshika Sakaya bega, akamvuta aje akae karibu. Sakaya alikuja, akakaa, akafunika uso kwa rubega.

Metui alikuwa anautazama mguu wake. "Ulikuwa na watoto," alisema mwishowe, kama anayejisemea. "Mimi pia ningeogopa." Kisha akamwangalia Inosenti, na macho yake yalikuwa na hasira, lakini ile hasira ya mtu wa nyumbani. "Leo nitakutukana mpaka jua lizame, Paashe. Na kesho tutakunywa maziwa. Kaa."

Lo, laiti angekaa. Kigoda kilikuwa pale. Lakini Inosenti alikuwa amelibeba jambo lake siku tatu, na aliona hajalimaliza. Alirudi langoni, akamfungua ng'ombe, akaja naye mpaka mbele ya Metui, akanyoosha mkono wenye kamba.

"Nimemrudisha," alisema. "Simstahili."

Nareyu hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Mzee aliyekuwa na kibuyu cha maziwa akakiweka chini. Metui aliitazama kamba, ile kamba mpya nzuri aliyosuka Marsela.

"Nani amekwambia umlete?" aliuliza.

"Roho yangu."

"Mchukue urudi naye."

"Siwezi," Inosenti alisema. Alidhani ni adabu, kwamba mtu hukataa mara ya kwanza ili aombwe mara ya pili. "Nakuomba mpokee. Nitalala usingizi."

Metui alingoja bado. Alimpa nafasi ndefu ya kuurudisha mkono, na Inosenti hakuurudisha. Ndipo Metui alipoinuka kwa gongo, kwa shida, bila kukubali kushikwa, akaipokea kamba. Ng'ombe alimnusa mkono, akamkumbuka au hakumkumbuka.

"Asante," alisema. Kisha akasema, kwa heshima yote, kama unavyomwambia mgeni aliyepita njia, "Asante, Inosenti."

Inosenti hakujua hata kama Metui alikuwa analijua jina hilo. Alisimama pale na mkono wake bado umenyooshwa, hauna kitu. Mtu mmoja akakiondoa kigoda.